Kinachogonga Chini ya Jiko la Mama

SEHEMU YA TISA

Unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, pole, umefika wakati mbaya. Mimi ni Kalista, fundi cherehani, na ndiye katibu wa kamati ya mpango wa mtaa wetu wa Kota za Mgodi hapa Mpanda. Tuna nyumba sitini na tatu za matofali ya kuchoma. Wenye mgodi walizijenga kabla ya uhuru, wakawaweka vibarua wao, na wengi wetu ni watoto na wajukuu wa vibarua hao.

Wakubwa wa mipango wa mkoa walituambia hivi: chorani wenyewe mpango wa kuufufua mtaa wenu. Tukiuridhia, mtapimiwa na kupewa hati. Lakini pakionekana mtu anachimba chini ya makazi, hakuna mpango wala hati, wote mtaondolewa kwa usalama wenu. Sharti hilo lilisomwa mara tatu, na mimi ndiye niliyeliandika kwenye muhtasari.

Sasa tazama ujinga wangu. Siku tuliyochora ramani ya mtaa chini, kwa majivu, kila kaya ilileta jiwe na kueleza kitu cha kale ilicho nacho. Nikasimama mbele ya umati nikaweka jiwe jeusi juu ya nyumba ya mama. "Chini ya jiko letu ndipo ulipo mdomo wa shimo la kwanza la mgodi," nikasema. "Marehemu baba, mzee Stanslaus, ndiye aliyeuziba." Watu wakapiga makofi. Picha ya ramani ikaingia kwenye grupu la mtaa, na kutoka hapo ikaenda inakojua yenyewe.

Baba alikaa na siri ile miaka thelathini. Mimi niliitoa ili nipigiwe makofi.

Simulizi ya wiki iliyopita iliishia uani kwa jirani yetu Dieudonne, Jumatatu, saa kumi jioni. Mpango wetu uliagiza kila nyumba ichimbe choo kipya, na kibali cha Dieudonne nilikisaini mimi mwenyewe. Nilikwenda kukagua. Nilipofunua turubai, alitoka humo shimoni mtu mwenye tochi kichwani na vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa Japhet, mdogo wangu wa tumbo moja.

"Dada," alisema, "usipige kelele."

"Choo gani hiki kinachimbwa kwa tochi?"

"Punguza sauti kwanza."

"Nakuuliza choo gani, Japhet!"

Nyuma yake akapanda Dieudonne mwenyewe, mgongoni kabeba mfuko wa mawe ya madini. Aliponiona aliushusha taratibu, akavua kofia. Dieudonne ni mtu ambaye hata kuku wa jirani akila unga wake atamwomba kuku radhi. Alizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, kwa wazazi waliokimbia Burundi, na ile nyumba ya Kota ndiyo ya kwanza katika ukoo wao ambayo hakuna mtu anayeweza kuwaambia wafungashe.

"Nisamehe, dada Kalista," alisema. "Nilitaka siku moja mke wangu apumzike kubeba dagaa kichwani."

"Mmefika wapi?"

Wakatazamana.

"Nawauliza nyie wawili, mmefika wapi?"

"Chini ya jiko," Japhet akajibu.

"Jiko la nani?"

Japhet akaelekeza kidole nyumbani kwa mama.

"Tumeweka matimba, dada," Japhet akaanza kunibembeleza. Matimba ni yale magogo ya kuegemeza mwamba usishuke. "Magogo mazima. Nimefanya kazi mgodini Magamba miaka minne, naijua hii kitu. Mama hawezi hata kuhisi."

"Na nani aliwaonyesha pa kuchimba?"

Mdogo wangu alinikazia macho. "Si wewe? Si ndiye uliyeweka jiwe?"

Nilitamani kumpiga kofi, mkono ukagoma. Alikuwa amesema kweli, na hicho ndicho kilichoniuma.

"Haya, nenda kaseme," aliendelea. "Wageni wa mkoa wanakuja Alhamisi kupitisha mpango. Nenda kwa mwenyekiti umwambie kuna duara la kuchimbia madini chini ya nyumba ya katibu. Nyumba zote zivunjwe, halafu mama umpeleke wapi? Kijijini Litapunga? Kwa nani?"

Nilisimama pale nikipiga hesabu ambayo haikutaka kukaa sawa. Nikisema, mtaa unakufa. Nikinyamaza, mama analala juu ya shimo. Nikachagua njia ya katikati, na wenzangu, hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo.

"Nisikilizeni," nikasema. "Mnaacha leo. Vyombo vyenu vyote vitoke humo ndani, nisione nyundo, nisione kamba, nisione hata kopo la maji. Alhamisi wageni wakute choo. Mpango ukishapita, mtafukia shimo lote mpaka chini ya jiko, na nitasimamia mwenyewe."

"Tutatoa kesho asubuhi," Dieudonne alisema kwa upole. "Yale matimba ya mwisho yamelia kwa uzito leo mchana. Ni vizuri yakae kwanza yatulie."

"Si kesho. Leo."

"Dada Kalista..."

"Nimesema leo!"

Aliinamisha kichwa, akavaa kofia yake. Mimi nikaondoka kifua mbele, nikijiona kiongozi kwelikweli.

Jumanne asubuhi nilikuwa barazani nashona kitambaa cha kufunikia ramani mpya, ile ya karatasi. Mama akaniita kutoka jikoni.

"Kalista, hebu njoo usikie."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua matembele. Mama yangu Dorotea anakaribia miaka themanini, macho yamepungua lakini masikio yake yanasikia hata mtu anayesengenya nyumba ya tatu. Alinyoosha kidole sakafuni.

Ngo. Ngo. Ngo. Kimya. Halafu tena, ngo, ngo, ngo.

"Baba yako kaingia shifti," mama alisema, akacheka peke yake.

"Ni panya hao, mama."

"Panya wa wapi anahesabu mpaka tatu?"

Nilijua moja kwa moja kwamba wale wawili wamenifanya mtoto mdogo, wamenikubalia mdomoni na kuendelea na kazi yao. Nilimpigia Japhet, simu imezimwa. Nikaruka ua mpaka kwa Dieudonne. Shimo la choo lilikuwa limefunikwa mabati, na juu ya mabati yamepangwa matofali mengi.

Mkewe, Aurélie, alikuwa anajitayarisha kwenda sokoni na dagaa wake wa Karema.

"Mume wako yuko wapi?" nikamuuliza.

"Si kaenda Mishamo! Mjomba wake kazidiwa. Japhet ndiye kaniambia jana jioni, kasema amempakia mwenyewe kwenye gari." Akasonya. "Hata nguo ya kubadili hakuchukua. Simu kaiacha kwenye chaji. Hawa wanaume wakiitwa na ukoo wao, dada, akili zote zinatangulia safari."

"Na hili shimo nani kalifunika?"

"Nimelikuta hivyo hivyo. Labda wasitumbukie watoto."

Nilishajijibu kichwani: Dieudonne kaogopa, kakimbilia kwao, na Japhet kaingiza watu wengine kwa mlango mwingine. Wachimbaji hawakosi mlango. Nilirudi nyumbani nimefura.

Nilipoingia jikoni, kugonga kulikuwa kunaendelea. Nikachukua mchi wa kinu nikaipiga sakafu kwa nguvu zangu zote, mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Nawasikia!" nikapiga kelele. "Acheni!"

Chini kukawa kimya kidogo. Kisha kugonga kukarudi kwa kasi, haraka haraka, bila mpangilio, kana kwamba wananikejeli.

"Washenzi wakubwa," nikasema, nikatupa mchi pembeni.

Mama alikuwa ameacha kuchambua mboga. Alinitazama muda mrefu, halafu akaitazama sakafu.

Jumatano alikuja mwenyekiti wetu, Melkiadi. Ni Msukuma aliyekuja na ng'ombe miaka hiyo, ng'ombe wakaisha, yeye akabaki akawa fundi uashi na akaipenda Kota kuliko sisi tuliozaliwa ndani yake. Kwa vile mimi ni Mnyamwezi na yeye ni mtani wangu, hatuwezi kusalimiana bila kutukanana.

"Mnyamwezi, umeshakunywa uji, au bado unaota mchana?"

"Ningeota nini, wakati sura yako iko hapa?"

Akacheka, akaketi. Alikuja kunipa taarifa: chakula cha wageni kitapikwa kwetu, ndani ya jiko la mama.

"Kwa nini kwetu?" nikadakia. "Si kuna jiko la shule?"

"Jiko la shule lina historia gani? Mkubwa wa mipango wa mkoa asimame juu ya mdomo wa mgodi wenyewe, akina mama wakipika, picha zipigwe. Nimeshawaambia akina mama kumi na wawili."

Kumi na wawili! Na masufuria, na mafiga, na maji ya kunywa, uzito wote huo juu ya shimo.

"Mwenyekiti," nikasema. "Kuna jambo..."

"Wewe si ndiye uliyeweka lile jiwe jeusi? Leo unalikimbia?" Kisha utani ukamwisha usoni. "Kalista, nikwambie. Kila siku nikipita kwenye nyumba hizi nazipangusa kwa macho. Nimewazika wanangu wawili hapa. Kesho wakisaini, nitalala usingizi wa kwanza tangu mwaka juzi. Ulikuwa unataka kusema nini?"

"Nilitaka kuuliza idadi ya viti."

"Arobaini," akasema, akaondoka zake.

Siku hiyo kugonga kulikuwa kumepungua. Kulikuja mara chache, kwa kupishana sana, na kwa sauti ya chini. Nilifurahi, nisiwadanganye. Nilisema wamechoka, au wameishiwa nguvu, au wamesikia habari za wageni wakaamua kuondoka.

Mama hakufurahi. Tulipokuwa tunakula mchana aliweka tonge chini.

"Zamani, mgodini, walikuwa na lugha yao," alisema. "Aliye chini akigonga mara moja, maana yake subiri. Mara mbili, teremsha ndoo. Mara tatu, nivuteni."

"Mama, kula."

"Nakula. Nakuambia tu tatu ni nini."

Nilisikia. Sitasema sikusikia. Nilikuwa na orodha ya wageni ya kuandika, nikainuka nikaenda kuiandika.

Alhamisi ilipofika, Kota iling'ara. Kuta zimepakwa chokaa, mitaro imezibuliwa, bati zile nene za zamani zimeoshwa mpaka unaweza kujitazama. Saa mbili asubuhi nikiwa peke yangu jikoni nilisikia tena. Ngo. Muda ukapita nikadhani ndiyo basi. Ngo. La tatu lilichelewa sana, likaja kama mtu anayedondosha kitu tu.

Wageni walikuwa wafike saa nne. Nilikwenda mbio kwa mwalimu wa kwaya.

"Badala ya kuimba barabarani," nikamwambia, "imbieni hapa uani kwetu, karibu na dirisha la jiko. Na msinyamaze. Wimbo ukiisha, anzeni mwingine."

"Hata mkubwa akiwa anaongea?"

"Akiwa anaongea punguzeni sauti, lakini msinyamaze."

Naam. Ndicho nilichofanya. Niliiletea sauti ile kwaya ya kuifunika.

Mkubwa wa mipango alikuwa mtu mzima, mstaarabu, amevaa viatu vya kazi, si vya ofisini. Aliikagua ramani yetu kila nyumba. Aliwauliza wazee maswali, akawasikiliza mpaka mwisho. Nilimpenda, na kwa jinsi nilivyompenda ndivyo nilivyozidi kuogopa.

Alipoingia jikoni, akina mama walipiga vigelegele. Aurélie alikuwemo, kajifunga kanga mpya kiunoni, anakoroga mchuzi. Mkubwa aliipiga sakafu kwa kisigino chake.

"Imara," alisema. "Huyo mzee alijua kuziba. Katibu, niambie ukweli, maana hapa ndipo mpango wote unaposimama. Shimo hili halijaguswa tangu lizibwe?"

"Halijaguswa."

"Na mtaa mzima, kuna mtu yeyote anachimba?"

Nje kwaya ilikuwa imefika kwenye kiitikio. Mama alikuwa kwenye kigoda chake kwenye kona. Hakunitazama. Melkiadi alikuwa amesimama nyuma ya mkubwa, mikono ameikunja kama anasali.

"Hakuna," nikasema.

"Andika hivyo kwenye muhtasari, kisha usaini."

Nikaandika. Hakuna mtu anayechimba katika mtaa huu. Nikasaini, Melkiadi akasaini, mkubwa akasaini na kugonga muhuri. Mtaa ulilipuka kwa shangwe. Melkiadi alijifuta machozi kwa kiganja bila aibu, na akina mama wakanibeba juu juu mimi, Kalista, mwongo wao.

Waliponishusha ndipo nilipomwona Japhet.

Alikuwa amesimama nyuma ya tangi la maji, nguo ni zile zile za Jumatatu, midomo imepasuka. Nilimfuata nikamshika shati.

"Shukuru Mungu mpango umepita," nikamwambia huku nimeuma meno. "Sasa nenda ukawatoe watu wako humo chini."

"Watu gani?"

"Usinifanye mjinga. Siku tatu mnagonga tu!"

Japhet alinitazama kama mtu asiyeelewa Kiswahili.

"Dada, mimi nilikuwa Litapunga. Tangu Jumatatu hakuna aliyeshuka." Akaushika mkono wangu. "Nimeshindwa kukaa nayo. Jumatatu ile ulivyotuambia tutoe vyombo, Dieudonne aliingia kuchukua nyundo ya mwisho. Mimi nilikuwa juu na kamba. Nikasikia matimba yanavunjika. Vumbi likapanda mpaka juu. Nilimwita, dada, nilimwita mpaka sauti ikaniisha. Hakuitika. Nikafunika, nikamdanganya Aurélie, nikakimbia."

Nililiachia shati lake.

"Alikufa hapo hapo," Japhet aliendelea, akilia. "Nimerudi ili tumtoe azikwe kama mtu."

"Hakufa," nikasema.

"Nini?"

"Japhet, hakufa. Jumanne aligonga. Jana aligonga. Leo saa mbili asubuhi aligonga."

Aliweka mikono kichwani. "Ulimsikia? Ukafanya nini?"

Wasomaji wangu, nyie mnajua nilichofanya.

Mkubwa alikuwa ameketi kivulini na sahani ya wali, gari lake liko pale pale. Zilikuwa hatua kumi, hazizidi. Sentensi moja ingetosha kuleta watu na mashine, na sentensi hiyo hiyo ingechana karatasi yenye wino ambao haujakauka. Miguu yangu haikwenda kwake. Ilinipeleka jikoni. Nilijidanganya kwamba nataka kuhakikisha kwanza, kwamba kama kumekuwa kimya basi hakuna haja ya kuua mtaa kwa ajili ya marehemu. Ndiyo, nililiwaza hilo, na ndilo linaloniamsha hadi leo.

Nilipita katikati ya masufuria nikapiga magoti, nikalaza sikio sakafuni.

"Jamani, katibu anasujudu!" mmoja akasema, na jiko zima likaangua kicheko.

Sikusikia kitu. Nikagonga kwa kifundo cha kidole mara tatu, nikasubiri. Kicheko kilikuwa kingi, kwaya ilikuwa inaendelea, kama nilivyoagiza.

Aurélie aliweka mwiko pembeni, akaja huku anatabasamu.

"Dada Kalista, unasikiliza nini?"

Kwa utani tu akapiga magoti pembeni yangu, akalaza sikio lake karibu na langu, tukawa tunatazamana uso kwa uso. Niliona tabasamu lake likiondoka kidogo kidogo, kama mtu aliyesikia kitu. Akainua mkono.

"Nyamazeni," alisema. "Hebu nyamazeni wote."

Wanawake wakanyamaza. Mama aliinuka kwenye kigoda akaenda dirishani, akaiambia kwaya ikome, na kwaya ikakoma. Ukimya ule ukawavuta watu wa nje. Mkubwa akaja mpaka mlangoni, sahani bado iko mkononi, na Melkiadi nyuma yake.

Aurélie hakuinua kichwa sakafuni. Alinitazama mimi, na alipoongea aliongea polepole, neno moja moja.

"Dada Kalista. Mume wangu alikwenda kweli Mishamo?"